Kuta za Philadelphia zina wenyewe

Ndugu wasikilizaji, leo naomba tuzungumzie kuta. Sisemi kuta za Yeriko, wala ukuta wa Berlin ulioangushwa mwaka 1989. Nasema kuta za kawaida: ubavu wa nyumba, ukuta wa duka, ukuta wa shule unaotazama barabara. Huku kwetu ukuta wa namna hiyo hauna mjadala mrefu. Ama umeandikwa "Usikojoe hapa", ama umepakwa rangi ya kampuni ya simu au ya soda kuanzia msingi hadi kwenye bati, ama umepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu na mwenye nyumba anajua fika maana yake ni nini. Katika hayo matatu hakuna hata moja ambalo wakazi wa mtaa waliulizwa.

Uko mji mmoja huko Marekani ambao kwa miaka arobaini sasa umekuwa ukiwauliza. Mji huo ni Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, mahali ambapo Wamarekani walitangazia uhuru wao mwaka 1776. Tangu mwaka 1984 mpango wa mji huo wa kuchora kutani umetoa michoro zaidi ya 4,000. Si yote iliyobaki. Mingine imefifia kwa jua na theluji, mingine imebomolewa, na mmoja ulifutwa usiku mmoja kwa sababu nitakazozieleza baadaye. Hata hivyo mtu akipanda treni ya juu ya mji ule hupita mchoro baada ya mchoro, kama anayefungua kurasa.

Najua hapa wapo watakaoguna. Watauliza: rangi inaliwa? Mji wenye watu wasio na kazi, wenye shule zinazovuja, unatoa wapi ubavu wa kununua makopo ya rangi? Swali hilo si la kijinga. Nitalirudia, lakini kwanza tujue jambo lenyewe lilianzaje, kwa sababu halikuanza kama sanaa. Lilianza kama vita.

Mwishoni mwa miaka ya sitini vijana wa Philadelphia walianza kuandika majina yao kila mahali. Kinara wao alikuwa kijana mweusi aitwaye Darryl McCray, ambaye alijulikana kwa jina la Cornbread, yaani mkate wa mahindi wa huko kwao. Inasimuliwa, na mwenyewe amesimulia mara nyingi, kwamba gazeti moja liliandika kwa makosa kuwa amekufa. Basi yeye akaenda kwenye bustani ya wanyama, akamwandika tembo ubavuni kwamba Cornbread yu hai. Tembo wa watu! Wapo wanaosema ndiye aliyeanzisha mtindo huu ambao baadaye ulienea New York na dunia nzima. Ukweli ni kwamba ilipofika miaka ya themanini, hapakuwa na ukuta, daraja wala behewa lililosalimika. Wazee walilalamika, wenye maduka walilalamika, na polisi walichoka kukimbizana na watoto.

Januari 1984 mji ukapata meya mpya, W. Wilson Goode, mtu mweusi wa kwanza kushika kiti hicho. Naye akaanzisha kikosi cha kupambana na maandishi ya kutani. Kijana aliyejitokeza na kuahidi kuacha alisamehewa, na badala ya kwenda kizuizini alipewa kazi ya kusafisha kuta. Mpaka hapo ni adhabu tu, wala hakuna jipya. Jipya ni kwamba kikosi hicho kilimwajiri mchoraji mmoja, mwanamke aitwaye Jane Golden, ambaye alikuwa amechora kuta huko Los Angeles. Kazi yake ilikuwa kukaa na vijana wale wale waliokuwa wakifukuzwa na polisi, kuwapa brashi na ngazi, na kuwaambia wachore kitu ambacho jirani hatakifuta.

Ndugu wasikilizaji, mtu anayepanda juu ya daraja la reli usiku wa manane, akiwa na makopo mawili ya rangi ya kupuliza, ili jina lake lisomwe asubuhi, huyo si mvivu. Ana bidii, ana ujasiri, na ana jicho la rangi. Kinachokosekana ni mtu wa kumpa ukuta. Golden alianza na ukuta mmoja, akapata wa pili, na kazi ikakua mpaka mwaka 1996 ilipotolewa kwenye vita vya kupambana na maandishi na kufanywa mpango kamili wa sanaa chini ya idara ya mji iliyoshughulikia michezo na mapumziko. Aliuongoza kwa zaidi ya miaka thelathini.

Haki itendeke hapa, tusije tukamfanya Meya Goode malaika. Ni katika utawala wake huo huo, tarehe 13 Mei 1985, ambapo polisi wa Philadelphia walidondosha bomu kutoka kwenye helikopta juu ya nyumba ya watu wa kikundi kilichoitwa MOVE, wakauacha moto uwake. Walikufa watu 11, watano kati yao watoto, na nyumba 61 zikateketea. Serikali hiyo moja ilikuwa na mkono wa brashi na mkono wa bomu. Anayetaka kusimulia habari za kuta za mji ule bila kuitaja siku hiyo atakuwa anapaka chokaa.

Sasa kwa nini Philadelphia, na si mji mwingine? Wengi hudhani ni kwa sababu ya wachoraji wazuri. Wachoraji wako kila mahali. Sababu kubwa ni ujenzi. Nyumba za kawaida za mji ule ni nyembamba, zimeungana kwa safu, jirani na jirani wanatumia ukuta mmoja katikati kama mabehewa yaliyoshikana. Mwaka 1950 mji ulikuwa na watu zaidi ya milioni mbili. Kisha viwanda vikaondoka, Wazungu wengi wakahamia nje ya mji, na kufikia mwaka 2000 walibaki kama milioni moja na nusu. Nyumba zilizoachwa zilioza, zikabomolewa moja moja. Ukiitoa nyumba moja katika safu, unabaki na kiwanja kitupu, na ubavu wa nyumba jirani, ambao haukujengwa ili uonekane, unabaki uchi, ghorofa tatu kwenda juu, bila dirisha hata moja.

Huo ndio ukuta wa mchoraji. Kwa hiyo kila unapouona mchoro mkubwa pale Philadelphia, jua kwamba mbele yake palikuwa na nyumba ya watu, na watu hao hawapo tena. Ni picha iliyochorwa juu ya kovu. Hili naomba mlikumbuke, maana litarudi mwishoni.

Lakini nisije nikasahau kwamba mji huo ulikuwa na sanaa za hadharani hata kabla ya hapo. Mwaka 1959 mamlaka yake ya uendelezaji wa mji ilikuwa ya kwanza nchini Marekani kuweka sharti kwamba anayejenga kwenye ardhi aliyoipata kutoka kwake atenge angalau asilimia moja ya gharama za ujenzi kwa ajili ya sanaa. Ukijenga jengo la dola milioni kumi, laki moja ni ya sanamu au mchoro au chemchemi. Miji mingi imeiga sharti hilo tangu wakati huo. Matunda yake mengine yanachekesha: mkabala na makao makuu ya mji, mwaka 1976, ilisimamishwa sanamu ya kibanio cha nguo, kile kile cha kuanikia, cha chuma, kirefu karibu mita 14, kazi ya Claes Oldenburg. Wapo walioipenda na wapo waliouliza kama wakubwa wamerukwa na akili. Mimi naipenda, lakini nakiri kwamba mama wa mtaa wa kaskazini mwa mji hakuulizwa kama anataka kibanio. Sanaa ya asilimia moja ilikuwa ya katikati ya mji, ya wenye majengo. Hii ya kuta ndiyo iliyokwenda mitaani.

Na inakwenda vipi? Hapa ndipo penye somo kwa watu wa manispaa, kama wapo wanaosikiliza. Mchoro hauanzi na mchoraji. Watu wa mtaa ndio wanaoomba. Mwenye ukuta lazima akubali kwa maandishi. Ukuta wenyewe unakaguliwa, kwani hakuna maana kuchora juu ya lipu inayobanduka. Halafu vinaitwa vikao, kanisani au kwenye ukumbi wa mtaa, na mchoraji anakaa anasikiliza. Watu wanabishana. Huyu anataka picha ya mwanawe aliyepigwa risasi, yule anasema watoto wetu wameona maiti za kutosha, tuchoreeni mto na miti. Mchoraji anarudi na rasimu, inakataliwa, anarudi na nyingine. Kuna michoro iliyochukua miezi mingi ya maneno na majuma machache ya rangi. Msanii mwenye kiburi hawezi kazi hii.

Chukueni mfano wa mwaka 1990. Mchoraji mashuhuri wa kuta kutoka California, Kent Twitchell, alimchora Julius Erving, yule mcheza mpira wa kikapu aliyeitwa Dr. J, ambaye aliipa timu ya mji huo ubingwa mwaka 1983. Mtu angetegemea kumwona akiruka na mpira mkononi. La. Alichorwa amesimama wima, amevaa suti, ghorofa tatu kwenda juu, anawatazama watoto wa mtaa kama mjomba aliyerudi safari. Katika mtaa ambao picha ya mtu mweusi gazetini ilikuwa ama ya mcheza mpira ama ya mshtakiwa, suti ile ilisema maneno mengi. Miaka mitatu kabla, mwaka 1987, Keith Haring wa New York alikuwa amechora ukuta mwingine upande wa kusini wa mji pamoja na vijana, na ukuta huo ulikarabatiwa mwaka 2013 kwa sababu watu walikataa kuuona ukifa.

Ndugu wasikilizaji, ukuta ambao mimi ningependa kuuzungumzia kuliko yote si huo wa Dr. J. Ni ule uliochorwa gerezani.

Nje ya Philadelphia, kiasi cha kilomita 50, lilikuwapo gereza lenye ulinzi mkali liitwalo Graterford. Lilifungwa mwaka 2018 na wafungwa wakahamishiwa gereza jipya lililo jirani. Humo walikuwamo watu wengi wa kifungo cha maisha, na katika jimbo la Pennsylvania kifungo cha maisha maana yake ni mpaka kufa. Mpango wa michoro ulikuwa ukifundisha darasa la uchoraji humo ndani. Sasa mfungwa anachoraje ukuta ulio mjini naye hatoki? Jibu lilikuwa kitambaa. Wanatumia kitambaa chembamba wanachokiita kitambaa cha parachuti. Mchoro mzima unagawanywa kwa mistari kuwa vipande vya mraba, kila kipande kina namba, na kila sehemu ya kipande ina namba ya rangi yake. Vipande vinapakwa mezani, darasani, hospitali, popote. Halafu vinapelekwa ukutani, vinabandikwa kwa gundi ya pekee, vinaungana, na ukisimama barabarani huwezi kujua kwamba si rangi iliyopakwa moja kwa moja juu ya ukuta. Kwa hiyo mtu ambaye hatauona mtaa wake tena anaweza kuupaka rangi.

Wafungwa wale walitaka kuchora ukuta wa toba na kuponya. Wazo lilikuwa waufanye pamoja na watu walioumizwa na uhalifu: mama aliyeuliwa mwanawe, dada aliyeuliwa nduguye. Watu hao walikubali kuingia gerezani na kukaa meza moja na wauaji. Si wauaji wa ndugu zao hasa, lakini wauaji. Mnaweza kufikiri vikao vilikuwaje. Wafungwa walikuja na rasimu iliyoonyesha safari ya mtu aliyekosa na kubadilika. Waathirika wakaitazama wakauliza: na sisi tuko wapi humu? Mmejichora wenyewe, mateso yenu, machozi yenu. Aliyekufa yuko wapi?

Mzozo ulikuwa mkubwa, na kuna filamu ya kumbukumbu ya mwaka 2009 inayouonyesha. Wachoraji Cesar Viveros na Parris Stancell waliokuwa wakiongoza kazi wangeweza kulazimisha maelewano, wakatoa picha moja ya mikono iliyoshikana na njiwa anaruka, kila mtu akapigwa picha ya gazeti. Hawakufanya hivyo. Ilipofika mwaka 2004 zilitoka kuta mbili, mtaa mmoja kaskazini mwa Philadelphia, moja ikieleza safari ya wafungwa na nyingine safari ya waathirika. Mbili, kwa sababu ukweli ulikuwa mbili. Lakini vipande vilipakwa na wote: wafungwa walipaka, waathirika walipaka, na watu wa mtaa nao walipaka. Mpaka leo sijaona mahakama iliyofanya jambo hilo, ingawa mahakama ina majoho na bajeti.

Kutokana na kazi za namna hiyo mpango ulianzisha pia mafunzo ya ufundi yenye malipo kwa watu wanaotoka jela. Wanajifunza kuchora, useremala, na kuandaa kuta, na wanalipwa. Mfungwa anayetoka akiwa na mfuko wa plastiki na nauli ya basi, anahitaji kwanza mtu wa kumwambia kesho uje kazini saa mbili.

Sasa nirudie lile swali la rangi kuliwa. Fedha za mpango huu zinatoka sehemu mbili, kwenye bajeti ya mji na kwa wafadhili, taasisi na makampuni. Upo mradi uliofanywa na idara ya mji inayoshughulikia magonjwa ya akili, ambapo wagonjwa na majirani zao walichora pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliufuatilia kwa miaka kadhaa, wakatoa ripoti mwaka 2015. Walikuta dalili kwamba katika mitaa ile watu waliaminiana zaidi kidogo, na waliona aibu kidogo zaidi kumtenga mgonjwa wa akili. Neno ni kidogo. Ripoti haikusema kwamba umaskini ulipungua, wala sidhani mtu mwenye akili timamu alitegemea hivyo. Philadelphia iliendelea kuwa miongoni mwa miji mikubwa yenye maskini wengi zaidi Marekani, pamoja na kuta zake zote.

Hatari iko hapo. Mwanasiasa anapenda mchoro kwa sababu unaonekana, una sherehe ya uzinduzi, na gharama yake ni ndogo kuliko mtaro wa maji machafu. Ni rahisi kumpa mtu picha ya mti kuliko kumpa bustani. Mwaka 2012 Waholanzi wawili wanaojiita Haas na Hahn, ambao walipata sifa kwa kupaka rangi nyumba za mabanda huko Rio de Janeiro, walikuja Germantown Avenue wakapaka rangi maduka kwa mistari na viboksi vya kupendeza, wakiwaajiri vijana wa hapo hapo. Barabara iling'ara. Lakini duka lililofungwa, hata likipakwa rangi ishirini, bado limefungwa. Nasema hivi nikiwa upande wa wachoraji, si upande wa wanaowabeza. Ila mchoro ukifanywa badala ya huduma, huo ni udanganyifu wenye rangi nzuri. Ukifanywa pamoja na huduma, watu wanaielewa tofauti.

Na pia kuna suala la nani achorwe. Nilisema upo ukuta uliofutwa usiku mmoja. Ulikuwa katika soko la Waitaliano, kusini mwa mji, ulichorwa mwaka 1995, na aliyechorwa alikuwa Frank Rizzo, mkuu wa polisi wa zamani aliyekuwa meya kuanzia mwaka 1972 hadi 1980. Kwa Waitaliano wengi wa mtaa ule alikuwa mtoto wao aliyepanda. Kwa watu weusi wengi alikuwa rungu. Mwaka 1979 serikali kuu ya Marekani iliushtaki mji huo mahakamani kwa ukatili wa polisi wake. Basi ukuta wa Rizzo ulikuwa ukimwagiwa rangi, unasafishwa, unamwagiwa tena, miaka na miaka. Baada ya kuuawa kwa George Floyd mwezi Mei 2020, sanamu ya Rizzo iliyosimama mbele ya jengo la ofisi za mji iling'olewa usiku kwa amri ya meya, na siku chache baadaye mpango wa michoro ukasema hautaukarabati tena mchoro wake. Mwenye jengo akakubali. Kulipokucha ukuta ulikuwa rangi tupu.

Wapo waliosema hiyo ni kufuta historia. Mimi nauliza, je, vikao vile vya mtaa ninavyovisifu, nani aliitwa na nani hakuitwa? Wakazi wa mtaa ule walimtaka Rizzo, hilo ni kweli. Lakini barabara inapitiwa na wote. Mwaka 2017, katika uwanja ule ule ilipokuwa sanamu ya Rizzo, msanii Hank Willis Thomas aliweka kwa muda chanuo kubwa la chuma, lile la meno marefu la kuchania nywele zetu, lenye mpini wa ngumi, refu kama futi nane. Chanuo hilo na meya yule wa chuma wakatazamana. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, ndipo Philadelphia iliposimamisha kwenye ardhi yake ya umma sanamu ya kwanza ya mtu mweusi mmoja kwa jina lake: Octavius Catto, mwalimu na mpigania haki ya kupiga kura, aliyeuawa kwa risasi siku ya uchaguzi mwaka 1871. Ilichukua miaka 146.

Wapenzi wa ndondi watanielewa vizuri zaidi kwa mfano huu. Joe Frazier, aliyemwangusha Muhammad Ali mwaka 1971 na kupambana naye mpaka pumzi ya mwisho kule Manila mwaka 1975, alikuwa mkazi wa Philadelphia. Alikufa mwaka 2011 bila kuiona sanamu yake, iliyosimamishwa mwaka 2015. Lakini Rocky, bondia wa sinema, ambaye hakuzaliwa wala hakufa, alipewa mji sanamu yake tangu mwaka 1982! Watalii wanapanga foleni kupiga picha na mtu ambaye hajawahi kuwapo.

Mji unajifunza, japo kwa kuchelewa. Mwaka 2022 wakubwa walitaka kumpa msanii mmoja kazi ya sanamu ya Harriet Tubman, yule mama aliyewatorosha watumwa, bila kuwashindanisha wasanii wengine. Wananchi walikuja juu kwenye vikao, hasa wanawake weusi, wakasema hapana. Kazi ikatangazwa upya kwa wote, na mwaka uliofuata akachaguliwa Alvin Pettit.

Niliomba mkumbuke habari ya kiwanja kitupu. Sasa Philadelphia imeanza tena kupata watu. Hesabu ya mwaka 2020 ilikuta milioni moja na laki sita. Ardhi imepanda bei. Na mwenye fedha akitafuta mahali pa kujenga, anakiona kile kiwanja kilicho mbele ya mchoro. Anajenga, na jengo lake jipya linaziba ukuta ule inchi chache tu kutoka kwenye uso wa mtu aliyechorwa. Mchoro haukufutwa, uko pale pale gizani, kati ya matofali na matofali. Wakati mwingine nyumba yenyewe yenye mchoro ndiyo inayobomolewa. Pengine mchoro huo huo ndio ulioanza kuupa mtaa sura ya kuvutia, na kodi zikapanda, na wale waliokaa kwenye vikao wakachora, ndio wa kwanza kushindwa kulipa.

Marekani wana sheria ya mwaka 1990 inayomlinda msanii kazi yake isiharibiwe ovyo. Mwenye majengo mmoja wa New York alizipaka chokaa kuta mashuhuri za majengo yaliyoitwa 5Pointz mwaka 2013, na mwaka 2018 mahakama ikaamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.7. Lakini sheria hiyo ni ya msanii. Watu wa mtaa waliokaa vikao miezi sita haiwataji.

John Coltrane, mpiga saksafoni, aliishi katika mtaa wa Strawberry Mansion huko Philadelphia. Mwaka 2002 alichorwa ukuta mkubwa karibu na nyumba yake ya zamani. Mwaka 2014 jengo lenye ukuta huo likabomolewa kupisha ujenzi. Wakazi hawakukaa kimya, wala hawakungoja kuletewa. Walirudi kwenye viti vya ukumbini, wakabishana upya achorweje safari hii, na mwaka 2017 Coltrane akatokea tena juu ya ukuta mwingine, mitaa michache kutoka pale, kwenye kona ya barabara za 29 na Diamond.

Muda wangu umekwisha. Tuzungumze tena wiki ijayo.